Pengwini wa Julai

Tarumbeta ilianza kabla jua halijatua. Ilipanda polepole, sauti moja juu ya nyingine, kama mtu apandaye ngazi na sinia la glasi kichwani, na ilipofika pale ilipotakiwa kupaa, ikapasuka. Ikatoa pumzi tupu, fyuuu, kama tairi lililochomwa mwiba. Kukawa kimya. Kisha ikaanza tena kule chini kabisa, kwa subira ileile, na palepale ikapasuka tena.

Evaristo Cuautle alikuwa juu ya ngazi jikoni kwake, brashi mkononi, akirekebisha pwani ya Chile. Kila tarumbeta ilipopasuka upande wa pili wa ukuta, mkono ulimcheza, na pwani ikapata ghuba ambayo Mungu hakuiumba.

"Unamsikia?" aliuliza mkewe, Tencha, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Namsikia."

"Anaifanyia mazoezi walsi ya mwanao. Kila jioni tangu Pasaka."

"Nimesema namsikia, Tencha."

"Basi shuka ukamwambie. Chile haikimbii."

Evaristo hakushuka. Alichovya brashi, akaifuta ghuba ile, akajifanya mtu mwenye kazi nyingi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa watu wa Atlixco, mji mdogo wa Mexico, binti akikaribia kutimiza miaka kumi na mitano huulizwa swali moja: sherehe au safari? Akichagua sherehe, hushonewa gauni pana kuliko mlango, na akacheza walsi, dansi ya kuzungukazunguka, na baba yake mbele ya ukoo mzima. Akichagua safari, gauni husahauliwa na ukoo hununa. Mwezi wa Januari Evaristo alimuuliza Maricruz, mwanawe wa pekee, naye hakusubiri hata kumaliza kumeza alichokuwa akitafuna. Safari, alisema. Ya wapi? Wasichana wote wa darasa lake walisema Paris. Maricruz alisema, "Kwa pengwini."

Evaristo alipenda jibu lile mpaka akacheka peke yake barabarani. Paris kila mtu ana Paris. Mwanawe alitaka kwenda mwisho wa dunia kuwatazama ndege wasioruka, nao wangekwenda kwa ndege zinazoruka, yeye na mama yake na baba yake, wakaone.

Mwezi ule ulikuwa haujaisha bado. Jumapili moja akaja Nicanor Toxqui kula chakula cha mchana. Nicanor alikuwa mpiga tarumbeta, jirani wa ukuta mmoja, na baba wa ubatizo wa Maricruz, na kwa ajili ya maji yale ya ubatizo yeye na Evaristo hawakuitana kwa majina tena. Waliitana kompadre. Alikula sahani mbili, akafuta masharubu, akatangaza kwamba amekwisha kupanga kila kitu. Maana sherehe ya miaka kumi na mitano haibebwi na nyumba moja: kuna mama wa gauni, kuna mama wa keki, kuna baba wa viatu, kila mmoja na mzigo wake. Nicanor alikuwa amezunguka mtaa mzima, wazazi wote wa mizigo wamepatikana.

"Na mimi ni baba wa muziki," alisema. "Walsi nitaipiga mwenyewe, kompadre, peke yangu, bila hata gitaa. Jumamosi ya pili ya Julai."

Hapo ndipo Evaristo alipotakiwa kusema kwamba binti amekwisha kuchagua. Lakini nani, katika Atlixco yote, amewahi kumwambia kompadre wake hapana mezani, chakula chako kikiwa bado kinafuka tumboni mwake? Watu wa pale hawasemi hapana. Husema "tutaona". Husema "Mungu akipenda". Husema "kwa nini isiwe", kisha humwachia mwenzao aisikie hapana iliyofichwa ndani, na mwenzao, akiwa mtu wa adabu, huisikia.

"Kwa nini isiwe, kompadre," alisema Evaristo.

Nicanor, kwa furaha aliyokuwa nayo siku ile, hakusikia chochote kilichofichwa. Alisikia ndiyo. Alimkumbatia kompadre wake mpaka mbavu zikalia, akaenda zake. Mshika mbili moja humponyoka, na Evaristo alikuwa ameshika mbili, sherehe na safari.

Sasa ilikuwa Mei, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Evaristo alikuwa mchoraji wa mabango. Nusu ya maduka ya mji yalizungumza kwa herufi zake: bucha, duka la dawa, duka la majeneza. Kwa hiyo alipoanza kupanga safari hakutafuta karatasi. Alipaka chokaa ukuta wa jikoni, akaichora Chile kutoka rafu ya vikombe hadi usawa wa meza, ndefu na nyembamba kama mkanda uliotundikwa msumarini. Mstari mwekundu ulikuwa wa ndege: ya kwanza kutoka mji mkuu wa Mexico, usiku kucha hadi Santiago, ya pili kutoka Santiago hadi Punta Arenas, kule nchi inakochanikachanika baharini. Mstari wa buluu ulikuwa wa boti, hadi kisiwa cha Magdalena, na juu ya kisiwa alimchora pengwini mmoja, amenyooka kama mhudumu wa hoteli kubwa anayesubiri kuitwa. Juu ya yote, kwa herufi za dhahabu zenye kivuli cheusi, herufi ambazo kwa kawaida aliziweka kwenye benki tu, aliandika JULAI.

Julai aliichagua kwa akili yake mwenyewe, naye aliionea fahari. Pengwini anapenda baridi. Kule kusini Julai ndiyo kilele cha baridi. Basi, nani asiyejua kujumlisha?

Watu walikuja kuutazama ukuta kama wanavyokwenda kutazama hori la Krismasi kanisani. Aliwaapisha wote wasimwambie Nicanor.

"Atlixco nzima imeingia jikoni kwangu kuona Chile," alisema Tencha, akitua sahani mezani, "isipokuwa kompadre wako. Na sasa hata kucheza domino Jumapili haji. Amekwisha kusikia, Evaristo. Amekasirika."

"Aliyekasirika hapigi walsi."

"Anaipiga ili uisikie. Inakuchoma, siyo? Basi, kazi yake ameifanya."

Evaristo alishuka, akaketi. Upande wa pili wa meza Maricruz alikuwa akikwangua miiba ya majani ya mpungate kwa kisu kidogo, kichwa kimeinama. Tangu alipokuwa mtoto wa miaka saba alikuwa akisimulia habari za pengwini kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapofunikwa shuka. Wiki hizi za karibuni hakuwataja. Kiti chake alikuwa amekigeuza, ukuta ukawa mgongoni mwake.

"Kesho adhuhuri," alisema Evaristo, akipiga meza kidogo kwa vidole, "Bi Oliva wa wakala wa safari ananisubiri. Viti vitatu ametushikia mpaka hapo. Nikithibitisha, imekwisha, tiketi hazibadiliki wala hazirudishwi. Tunafika Santiago asubuhi, tunaacha mizigo, tunapanda kile kilima chenye kigari cha kuvutwa kwa kamba, tunaona mji wote na milima yenye theluji. Soko la samaki. Kesho yake tunaondoka kwenda kusini."

"Na Valparaíso?" aliuliza Tencha.

"Valparaíso haiko njiani."

"Hata pengwini hawako njiani. Nimesikia nyumba za Valparaíso zimepakwa rangi kila aina, nyekundu juu ya manjano juu ya zambarau. Umeoa mke, umekuwa mchoraji miaka yote hii, halafu unampitisha kando ya mji uliopakwa rangi?"

Evaristo alitazama ukuta. Alichukua brashi, akaweka nukta ndogo ya zambarau karibu na Santiago. "Siku moja," alisema. "Kwenda na kurudi."

"Umeona. Mtu akisema, anapata." Tencha aligeukia sufuria. "Na kukaa kitini usiku kucha je? Nilipokwenda Tijuana kwa ndege miguu ilivimba mpaka kaka yangu akauliza nimeiazima kwa nani."

Maricruz hakucheka. Baba yake alimtazama.

"Unaogopa kupanda ndege?"

"Hapana, Baba."

"Basi mbona uso kama umeuma ndimu? Kesho hii ndiyo kesho yako."

"Nimefurahi, Baba."

"Furaha gani hii inayotazama chini?"

"Miiba inataka macho," alisema Maricruz, akachukua jani jingine.

Ukutani tarumbeta ilipanda, ikapanda, ikapasuka. Tencha alivua aproni, akaikunja mara mbili, na mume akajua kwamba mjadala umefika mwisho.

"Sikiliza. Kesho ukithibitisha viti kabla hujamwambia kompadre, utakuwa umemtukana kwa risiti mkononi. Nenda sasa. Na usiende mikono mitupu."

Alikwenda. Alipitia kwa muuza mikate, akanunua mikate ya sukari yenye ganda gumu ambayo Nicanor angeweza kula minne bila kuvuta pumzi. Harufu ya mvua ilikuwa imeanza kupanda kutoka kwenye mawe ya barabara. Njiani alijitungia hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, yenye kichwa na mkia. Alipofika mlangoni kwa Nicanor ilikuwa imebaki mkia tu.

Lala, mke wa Nicanor, alimfungulia. "Hatimaye," alisema. Akachukua mfuko wa mikate, akamwelekeza uani.

Nicanor alikuwa ameketi kwenye kigoda, amegeukia ukuta, tarumbeta juu ya magoti. Alipomwona mgeni alichomoa kitambaa haraka, akajifunika mdomo.

"Mafua, kompadre," alisema kutoka nyuma ya kitambaa.

"Pole, kompadre."

Lala alileta chokoleti ya moto kwenye vikombe vya udongo, na mikate juu ya sahani. Nicanor aliinywa chokoleti kwa upande, kitambaa kikisogezwa kidogo tu. Mkate hakuugusa. Evaristo aliutazama ule mkate usioguswa. Mtu akikataa mkate wako amekukataa wewe. Tencha alisema kweli, kompadre anajua.

"Kompadre," alianza, "nimekuja na neno."

"Hata mimi nina neno, kompadre."

"Basi anza wewe, uko kwako."

"Wewe ni mgeni. Anza wewe."

"Siwezi kumtangulia mwenye nyumba."

"Nami siwezi kumtangulia mgeni."

"Hilo nalo ni kweli."

"Si ndiyo."

Wakanywa chokoleti. Mbwa alipita, akawatazama, akaendelea na safari yake.

"Mvua itanyesha," alisema Evaristo.

"Inaelekea," alisema Nicanor.

Lala alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. "Mtaanza lini?" aliuliza. "Niwashe taa, au niandae vitanda?"

"Tulia, mama," alisema Nicanor.

"Sitatulia. Mimi masikio yangu si ya chuma. Kuku wameacha kutaga. Ondoa kitambaa, Nicanor."

"Lala."

"Ondoa, au nakuja kukiondoa mimi."

Nicanor alishusha kitambaa. Alikaa hivyo, mdomo umefumbwa, kisha akaufungua kama mtu afunguaye mlango wa nyumba iliyoibiwa. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo. Palikuwa na pengo pana, jeusi, na ulimi nyuma yake ukichungulia kwa haya.

"Pasaka," alisema, na kila herufi ya sauti kali ilimponyoka kwa mluzi. "Tulikuwa tunateremka ngazi za mlima wa Mtakatifu Mikaeli, napiga huku natembea, kama kila mwaka. Jiwe likanitelezesha. Tarumbeta ilikuwa mdomoni. Yenyewe haikupata hata mkwaruzo, kompadre. Kitu cha shaba hakina huruma."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilikuahidi walsi. Mbele ya mkeo, mezani kwako. Nimejaribu kila jioni nikasema labda mdomo utazoea. Chini inakwenda vizuri. Pale juu upepo unatoroka hapa." Aligusa pengo kwa kidole. "Daktari ananitengenezea mengine, lakini midomo itabidi ijifunze upya, kama mtoto, na Julai hainisubiri. Domino siji kwa sababu utaniona. Mkate siuli kwa sababu siwezi kuuma. Nimemharibia binti yangu siku yake, kompadre, nami sina pa kuuweka uso."

Macho yalikuwa yamemlowa. Evaristo alitaka kumwambia pole. Hotuba yake nzuri ilikuwa imekwisha kuyeyuka, hata mkia. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa kidogo na kibaya na cha kweli.

"Hakuna sherehe."

"Unasemaje?"

"Maricruz alichagua safari. Alichagua hata kabla hujaja kula siku ile. Nilijua. Nikakuambia kwa nini isiwe."

Lala aliacha kuegemea mlango. Nicanor alimtazama kompadre wake, na Evaristo, ambaye hakuwahi kuinama mbele ya diwani wala padri wala mteja tajiri, aliinama mbele ya kigoda kile.

"Sema unalotaka kusema," alisema. "Nimekuja kulisikia."

"Umeniacha," alisema Nicanor taratibu, "niupulizie ukuta ule, jioni baada ya jioni, bila meno."

"Sikujua habari ya meno."

"Nami sikujua habari ya safari."

"Nilidhani unajizoeza kwa bidii."

"Nilidhani unasikiliza na kusema, mtu huyu amekwisha."

"Nilikuwa nasema, mtu huyu ananiua."

Kitu kilianza kumtikisa Nicanor mabega. Evaristo alidhani analia. Kisha ukatoka mluzi mmoja mrefu kupitia pengo, na nyuma ya mluzi kikaja kicheko, na kicheko kile kikamwangukia Evaristo naye akashindwa kukizuia. Walicheka mpaka chokoleti ikamwagika. Evaristo alijisikia kama mtu aliyevua viatu vya kuazima baada ya kutembea navyo arusi nzima: kila kidole kilirudi mahali pake.

"Wanaume wawili, ukuta mmoja," alisema Lala, "na wote wawili hamkuwa na akili ya kubisha hodi."

Nicanor alichukua mkate, akauchovya katika chokoleti, akausubiri ulainike, akaula. Kisha akala wa pili.

"Nasikia umeichora Chile jikoni," alisema alipomaliza. "Mtaa mzima wameiona. Nimelala na wivu."

"Njoo."

Walikwenda wote watatu, mvua ikianza kudondoka. Jikoni Nicanor alivua kofia mbele ya ukuta kama yuko kanisani. Alifuata mstari mwekundu kwa macho, toka rafu ya vikombe hadi chini, akapiga mluzi, safari hii kwa makusudi. Tencha alipoona pengo lake alishika kifua, lakini Lala akamnong'oneza mambo yote kwa sentensi mbili, na Tencha akaenda kumwekea kompadre supu.

"Njoo, binti," Nicanor alimwita Maricruz. "Baba yako ameniambia. Usiogope, sijanuna, nimefurahi kuliko wewe. Haya, nieleze. Huyu mhudumu wa hoteli ndiye pengwini?"

"Ndiye, Baba Nicanor."

"Na ukifika mbele yake utamwambia nini?"

Maricruz alikuwa amesimama, kisu bado mkononi. Alimtazama baba yake wa ubatizo, uso wote umefunguka, pengo limetoka nje bila aibu. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa bado na machozi ya kicheko. 

"Hatakuwepo," alisema.

"Nani hatakuwepo?"

"Pengwini. Hata mmoja. Julai hawapo." Aliweka kisu mezani. "Nimesoma kwamba huja kisiwani kuanzia majira ya kuchipua, wanataga, wanalea makinda, na baridi ikikaribia wanaondoka wote. Julai wako baharini, mbali. Hata boti za kwenda kule Julai haziendi."

 Mvua ilisikika juu ya bati.

"Lakini kuna baridi," alisema Evaristo.

"Ndiyo, Baba."

"Baridi kali."

"Ndiyo sababu wanaondoka."

"Wanaikimbia baridi?"

"Wanaikimbia, Baba. Wanakwenda kaskazini, kwenye joto."

"Pengwini gani huyo anayekimbia baridi?" alisema Evaristo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

"Huyo uliyemchora," alisema Tencha.

Damu ilimpanda. Alimtazama yule pengwini aliyenyooka juu ya kisiwa, akaitazama dhahabu yake ya benki, akawakumbuka watu wote waliosimama pale wakipiga ndimi, mwenye bucha, mwenye majeneza. Alitamani kumuuliza mtu aliyeandika habari hizo kama amewahi kufika huko.

"Umejua tangu lini?" alimuuliza mwanawe.

"Tangu jioni uliyomaliza herufi. Nilikuwa nimeingia kukuambia. Jikoni kumejaa watu, wewe uko juu ya ngazi, unawaeleza mambo ya pengwini na baridi, unacheka. Sijawahi kukuona unacheka vile. Nikarudi chumbani."

"Na kesho ningethibitisha viti."

"Ndiyo."

"Na ungefanya nini, Maricruz?"

"Ningekwenda." Machozi yalikuwa yamekwisha kushuka, hakuyafuta. "Ningetazama mawe. Nikirudi ningesema walikuwa wazuri."

Hapo hasira ya Evaristo ilikatika kama uzi. Aliviona vyote mara moja: watu watatu pwani wamevaa makoti ya kuazima, upepo, hakuna boti, ng'ambo kisiwa kitupu, na mwanawe akimgeukia na kutabasamu, akisema asante, Baba, kumependeza sana. Tabasamu hilo alilitambua. Lilikuwa lake. Alikuwa amelivaa mezani hapa hapa Jumapili ile, akisema kwa nini isiwe, na mtoto alikuwa ameketi pale pale akijifunza.

Akatafuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Kesho adhuhuri," alisema. "Mungu wangu. Kesho adhuhuri tu."

Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akavuta nyingine, kama mtu aliyerudi nyuma hatua moja na kuona shimo lilikuwa wapi. Kisha akainuka, akachukua kopo la rangi nyeupe na brashi pana, akapanda ngazi, na mbele ya wote akaifuta Julai. Ilikufa herufi moja moja. Alipomaliza alijisikia mwepesi.

"Wanakuwepo lini?" aliuliza kutoka juu.

"Desemba wapo," alisema Maricruz, akijifuta pua kwa mkono. "Wapo na makinda. Na shule zimefungwa kwa Krismasi."

"Na makinda," alirudia Evaristo. Alichomoa simu mfukoni akiwa hukohuko juu ya ngazi, akampigia Bi Oliva nyumbani, akaomba radhi kwa kumkatizia chakula, akamwambia aviachie vile viti vya Julai na kumtafutia vya Desemba. Bi Oliva aliuliza kama ameghairi. "Hapana," alisema Evaristo. "Nilikuwa nimekosea." Tencha aligeuka kumtazama, maana neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwake likiwa zima.

Wakala supu. Ya Nicanor ilikuwa bila kitu kigumu.

"Sasa mimi je?" aliuliza Nicanor kijiko kikiwa hewani. "Nilikuwa baba wa muziki. Sherehe hakuna, mimi sasa ni baba wa nini? Siwezi kubaki bila kazi."

"Na dada yangu amekwisha kuiota ile keki," alisema Lala. "Usipompa mzigo mwingine atalia."

Maricruz alifikiri. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule uliopotea tangu Pasaka. "Wewe ni baba wa boti," alisema.

Nicanor aliweka kijiko chini, akajinyoosha. "Baba wa boti," alisema. "Kompadre, liandike jina langu kwenye ule mstari wa buluu. Herufi kubwa."

"Mimi nitakuwa mama wa makoti," alisema Lala. "Hata kiangazi chao si kama chetu. Nasikia upepo wa kule unang'oa meno."

"Basi mimi sina cha kuogopa," alisema Nicanor, na jiko zima likacheka, yeye kwanza.

"Na Valparaíso hakuna wa kuninyang'anya," alisema Tencha. "Hiyo mama yake ni mimi."

Dada wa keki alipewa kile kilima cha Santiago na kigari chake. Mama wa gauni alipewa soko la samaki, na wote waliafikiana kwamba atanuna. Mwezi wa Julai, walisema, watakula keki hapahapa jikoni, bila gauni wala walsi, na Nicanor atapiga sehemu ya chini tu, ile inayokwenda vizuri.

Mvua ilipopungua Evaristo alifungua kopo la dhahabu. Alipanda ngazi mara ya mwisho, akapima nafasi kwa macho, na kabla ya kugusa ukuta akageuka, brashi ikimeremeta.

"Desemba," alisema. "Kuna mtu hapa ana neno? Aseme sasa. Dhahabu hii siifuti mara mbili."

Hakuna aliyekuwa na neno. Hata hivyo hakuandika. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Na tukifika kule tukakikuta kisiwa kitupu?" aliuliza. "Baada ya ndege zote hizo, na mimi nimesimama pale nimefurahi kama mjinga?"

Maricruz alikuja, akaishika ngazi kwa mikono miwili ili isiyumbe.

"Nitakuambia palepale, Baba," alisema. "Hata ukiwa unacheka. Nakuahidi mbele ya hawa wote, nikiona mawe nitasema mawe."